Sufuria Iliyogeuka Wimbo

Udi wa babangu, ala yake ya nyuzi, ulikuwa ukilipiwa nauli. Tukitoka Mji wa Kale wa Mombasa kwenda kupiga harusi Kisauni au Changamwe, Baba alilipia viti viwili kwenye matatu, kimoja chake na kimoja cha udi, na mimi nikapakatwa. Siku moja makanga akamwambia, "Mzee, mkalishe mtoto hapo, hiyo gitaa uishike." Baba akamjibu kwa upole, "Kwanza, mwanangu, hii si gitaa. Pili, huyu mtoto akianguka atalia kisha atanyamaza. Udi ukianguka utanyamaza moja kwa moja." Gari zima likacheka, makanga naye akacheka, na udi ukabaki kitini pake mpaka Kisauni.

Nilikuwa na miaka sita na niliona Baba amesema haki. Kwetu Kibokoni ndivyo mambo yalivyopangwa: udi kwanza, kisha wageni, kisha watoto.

Leo udi ndio unaonilisha. Watu wakiniuliza nani alinifundisha humtaja Baba, kwa kuwa ndiye aliyenishika vidole. Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa jikoni, imejifunga leso, inakanda unga wa mahamri, na haikuwahi kugusa uzi hata mmoja. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza, ila siwezi kufika jikoni bila kupita sebuleni, na sebuleni kwetu kulikuwa na watu.

Kulikuwa na Baba na masikio yake. Muuza kahawa alipita barazani kila alasiri, dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili akivigonganisha. Siku moja Baba akainua kichwa akamwita: "Yakhe, kikombe chako kimoja si kile cha jana." Muuza kahawa akasimama kama aliyeitwa na jini. Kweli, kimoja kilikuwa kimevunjika asubuhi ile Marikiti, akanunua kingine. Tangu siku hiyo alipokaribia mlango wetu alivifunga vikombe kwenye kitambaa, asikosolewe tena, mpaka Baba akatoka kumwomba radhi na kumsihi avilize kama zamani. Bila sauti ile, alisema, hakujua kama alasiri imeingia.

Udi wake ulikuwa wa nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene usio na mwenzake. Shingo ya udi haina vigawanyo kama gitaa. Kidole lazima kipajue mahali pake gizani. Na Mombasa si mji unaouhurumia udi. Kusi ikianza kuvuma na masika kushuka, mbao hunywa unyevu, vijiti vya kukazia nyuzi mara huvimba mara huteleza, na udi uliolinganishwa saa kumi jioni hauwi ule ule saa mbili usiku. Baba aliufunika kwa leso nzuri za Mama, zile za kutokea, na Mama alivumilia. Nyuzi nyembamba zilipokatika na dukani hakuna, Baba alinunua mshipi wa kuvulia samaki. Kuna miaka nyumba yetu ilikuwa na mishipi mingi kama ya mvuvi, na ndoana hatukuwa nayo hata moja.

Jambo ambalo Mama hakulivumilia lilikuwa risha. Zamani risha ya kupigia udi ilikuwa unyoya wa ndege mkubwa kama tai. Baba hakuwa na tai, alikuwa na mke mwenye vyombo vya plastiki. Usiku mmoja alikata kipande chembamba kwenye ukingo wa bakuli la kijani, akalirudisha kabatini upande mzima ukiwa mbele. Asubuhi akaketi kupiga. Hakumaliza hata mzunguko mmoja wa wimbo, sauti ikatoka jikoni: "Hiyo umeikata wapi?" Mama hakuwa ameliona bakuli. Alikuwa amesikia udi umelainika.

Kulikuwa na Bibi, mamake Baba, na pembe zake za nyati. Alikuwa mpigaji vugo. Katika harusi za ujana wake yeye na wenzake walitembea mitaani wakipiga pembe kwa vijiti huku wakiimba, na aliendelea kupiga mpaka uzeeni, ingawa sasa alikaa. Sisi wajukuu alitufundisha mapigo kwa kugonga mlango wa chumba chake. Aliyekosea hakufunguliwa, na ndani mlikuwa na kaimati.

Na kulikuwa na Ami, mdogo wake Baba, na taishokoto. Chombo hiki kilibuniwa Japani mwaka 1912: nyuzi chache zimepita juu ya ubao, na juu yake kuna vitufe vya kubonyeza kama vya taipureta. Watu wa Mombasa walikipenda, wakakitia umeme, wakakiingiza kwenye taarabu, na mlio wake mkali wa kurukaruka ukawa kitu cha kuwainua wanawake vitini wakati wa ngoma ya chakacha. Bibi hakukikubali. "Huyu apiga muziki," aliuliza kila siku, "au aandika barua?" Ami hakubishana. Alipiga mwendo wa vugo, wa Bibi mwenyewe, na mabega ya Bibi yakaanza kucheza huku uso ukiwa bado umenuna.

Walipatanishwa na matangazo ya vifo. Ilikuwa harusi ya Majengo, bibi harusi yuko mlangoni, wanawake wamesimama, na Ami akainama kuongeza sauti ya taishokoto. Waya wake ulikuwa umechakaa, na waya uliochakaa kwenye amplifaya hunasa hata mawimbi ya redio. Badala ya muziki, spika zote zikatoa sauti nzito ya mtangazaji wa redio ya taifa akisoma habari za msiba, marehemu baba yake fulani na mjomba wa fulani, atazikwa saa kumi. Turubai zima likapoa. Bibi harusi akaganda mguu mmoja mbele. Hapo Bibi, aliyekuwa ameketi na wazee wenzake, akanyanyua pembe yake akapiga, na wazee wote wakadaka, na mtangazaji akazama chini ya pembe za nyati huku Ami akiung'oa waya. Usiku ule Ami alimbusu Bibi mkono mara mbili, na Bibi hakuuliza tena habari za barua.

Kesho yake nilimkuta Mama jikoni anamwombea mtu kwa jina. Nikamuuliza ni nani. "Yule wa jana kwenye spika," akasema. Sisi wote tulikuwa tumesikia janga la harusi. Yeye alikuwa amesikia maneno.

Basi tumefika jikoni.

Mama alikuwa mtunzi. Sikumbuki kumwona na daftari. Alitunga jioni alipokanda unga wa mahamri, na aliukanda kwa mizani. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na kila kipande kina kina chake. Mama alipiga unga kwa kiganja mara nane, akaugeuza, akaupiga nane nyingine. Neno likizidi, kiganja kilibaki hewani na yeye akasema "hapana" kwa sauti ndogo, akaanza upya. Mahamri yetu yalivimba vizuri kuliko ya jirani yeyote, kwa sababu unga ulikandwa mpaka shairi liishe. Nami nilijua kuhesabu mizani kabla sijajua kuhesabu chenji.

Ndiyo maana wanawake walikuja kwetu kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa kumwalika Baba na kundi lake kuja kupiga; wa nyuma ulikuwa wa maneno ya kupeleka. Msikilizaji wa nje hudhani taarabu ni sauti na ala. Wenyewe tunajua kuwa nyuma ya mwimbaji kuna mtu amekaa mahali anapima maneno. Juma Bhalo, ambaye sauti yake ilijaza pwani yote, aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita. Baba alikuwa mtu wa Zein l'Abdin, yule bwana wa Lamu aliyehamia Mombasa na udi wake. Kaseti ya Zein ikiwekwa, Baba aliacha kula, tonge mkononi. Mama alikuwa akimngojea amalize kusikiliza, kisha akamuuliza, "Amesema nini ubeti wa tatu?" Mara nyingi Baba hakujua.

Na Mama aliamini kuwa kutumiana shairi ni adabu kuliko kutukanana. Alitusimulia habari za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambaye Mombasa na Lamu zilipogombana alipeleka tungo Lamu na Zahidi Mngumi akarudisha tungo. "Walikuwa wanapigana," Mama alisema, "na bado kila mmoja akatunza vina vya mwenziwe."

Sasa sufuria. Wanawake wawili wa kisa hiki wamenipa ruhusa nikisimulie, mradi nisiwataje.

Wa kwanza alikuja siku ya Jumatatu baada ya Alasiri, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kukosa kiti kingine, akaanza kulia. Alikuwa amemwazima shoga yake sufuria ya pilau, ile kubwa ya shughuli, kwa ajili ya hitima. Miezi ikapita. Akimuuliza, shoga ageuza mazungumzo. Kwenda kuidai mlangoni aliona haya. Nani agombane na mtu waliyecheza naye utotoni kwa sababu ya sufuria? Lakini roho ilimuuma, na alitaka mwenziwe ajue kuwa inamuuma. Harusi ilikuwa Alhamisi, Baba ndiye mpigaji.

Mama akaanza kupiga unga. Mimi nilikuwa pembeni, darasa la tano, masikio wazi. Baada ya muda akasema, "Sufuria ni ya kuiambia 'irudishe', na 'irudishe' ni neno la jikoni. Tuseme chombo. Chombo husafiri, chombo huzama, chombo hupendwa. Tutasema 'kirudishe'." Kabla ya Magharibi ubeti wa kwanza ulikuwa tayari:

Nilikupa kwa amani, changu kile nipendacho,
Ukakificha nyumbani, kisitazamwe kwa macho,
Nikikuuliza kwani, wanigeuzia jicho,
Kirudishe kwa mwendani, si halali ulonacho.

Alhamisi usiku kundi la Baba likauimba. Nilikuwa mtoto, nilipita popote, kwa hiyo niliona pande zote mbili za turubai. Ulipofika mshororo wa pili vigelegele vilikuwa vimeanza. Wa tatu, wanawake wakatoka na noti mikononi kutunza, wakauomba tena, na tena. Mama mmoja mtu mzima alilia machozi kabisa akisema "ndivyo alivyonifanya". Msichana mmoja alizimia, au alikaa chini ghafla, sina hakika. Kila mtu alikuwa amejua chombo ni nini: ni mume, ni mpenzi, ni moyo. Huko nje, kwenye baraza la wanaume, bwana mmoja aliyekuwa akisikiliza kwenye spika alivaa viatu akaenda nyumbani mapema, na mpaka leo hatujui alijiona wapi katika wimbo wa sufuria.

Chini ya turubai lile watu watano tu ndio waliojua. Mwenye sufuria, shoga yake, Mama, Baba, na mimi.

Shoga alikuja Ijumaa, mlango ule ule, kibao kile kile. "Dadangu," alimwambia Mama, "najua ni wewe uliyemtungia. Sina kinyongo nawe, hiyo ndiyo kazi yako. Nitungie na mimi." Naye akalia. Sufuria alipewa ikiwa na tundu. Hakutaka kumwaibisha mwenziwe kwa kumwambia, akaona ataipeleka kwa fundi izibwe tundu lake, airudishe nzima. Fundi akaizungusha: leo, kesho, wiki ijayo. Kila alipoulizwa alibadilisha maneno, kwa kuwa akisema iko kwa fundi atalazimika kusema kwa nini.

Nilimtazama Mama. Nilidhani sasa atafungua mdomo na yote yataisha. Akachota unga.

Mgeni alipokwenda kuswali nikamnong'oneza, kwa nini hamwambii tu? Mama akasema, "Siri zao si zangu, mwanangu. Kila mmoja ameniachia yake." Kisha akaendelea kupiga, nane, akageuza, nane.

Ulinipa ni kibovu, kina tundu ubavuni,
Nikakitunza kwa nguvu, nikakiponya jamani,
Leo waona uwivu, kinang'ara hadharani,
Usinitie makovu, chaja chako mlangoni.

Yule shoga aliupenda mpaka aliposikia mshororo wa nne. Hakuutaka. Alikuja kununua jibu, si ahadi. Alitaka umalizike kwa mkuki. Mama akaacha unga akamtazama. "Bila huo wa nne sikupi hiyo mitatu," akasema. Nimekuwa nikitunga na kupiga kwa miaka mingi sasa, na sijawahi kuona mtunzi akimjibu mteja kwa upole namna ile na kwa uzito namna ile. Alisema hatungi maneno ambayo mtu hataweza kuyarudisha akikutana na mwenziwe kwenye sinia moja. Akiyataka ya namna hiyo, watunzi wengine wapo.

Akaukubali. Ukaimbwa juma lililofuata katika harusi nyingine, na watu waliokuwa wameulilia ule wa kwanza wakaulilia na huu wa pili, na ukumbi ukagawanyika kati ya waliosema mume arudi na waliosema alikuwa kibovu tangu mwanzo. Mwenye sufuria alikuwa amekaa safu ya pili. Niliuona uso wake ulipofika "kina tundu". Akajishika kinywa.

Fundi, sijui kama naye alikuwa harusini, aliitoa sufuria siku ya pili. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, ilikuwa mlangoni kwa mwenyewe, imezibwa na kusuguliwa mpaka inang'ara, na ndani yake mbaazi za nazi, kwa sababu chombo hakirudi kwao kitupu. Mama alilipwa na mmoja doti ya leso, na mwingine nguru mzima. Tulimla siku mbili. Baba, aliyelipwa na wenye harusi wote wawili, alisema angependa watu waazimane vyombo zaidi.

Udi wenyewe nilianza baada ya hapo. Baba hakuniruhusu kupiga wimbo. Kwa miezi kazi yangu ilikuwa kulinganisha nyuzi, yeye azilegeze, mimi nizirudishe, azilegeze tena. Jamaa wengine walinong'ona kuhusu mtoto wa kike na udi, Baba akawaambia udi haujauliza. Sina mengi ya kusema juu ya hilo, walizoea. Ninachokikumbuka zaidi ni kuwa Baba akisema "vizuri", sikuwa naamini mpaka nisikilize jikoni. Kukiwa kimya, nyuzi zimekaa. Uzi mmoja ukiwa chini kidogo, unga ulisimama.

Na bado ninapopiga udi, vidole vikitaka kukimbia na kuonyesha vinachokijua, huwa nasikia kiganja kile kikibaki hewani. Nangojea mwimbaji amalize neno lake. Wapigaji wenzangu hudhani nahesabu mapigo. Nahesabu silabi.

Mwaka jana nilipiga harusi Kizingo, na mama wa bibi harusi akaomba "kile cha zamani, kirudishe". Nikaupiga. Baadaye, nikiwa nafunga udi kwenye leso, alikuja mwanamke kijana, wanja umemtiririka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hajui nani alitunga maneno yale lakini mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba yake. Nilishindwa kusema chochote zaidi ya ahsante. Nikiwa njiani nikampigia Mama simu.

"Mama, kuna mtu amelilia sufuria tena."

Hakucheka. "Amelia mshororo wa ngapi?"

"Wa tatu. Akaendelea mpaka mwisho."

Akanyamaza kidogo. "Wa nne ulikuwa umnyamazishe," akasema. "Basi haukutosha. Ngoja niutazame."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani bila kukatwa, kisha kiganja, nane, kimya, nane.